Mkondo Mkubwa na Mkondo Mdogo: Kufunga Nyaya za Stata kwenye Gari la Zamani

Hotuba iliyotolewa jijini Mbeya mbele ya mafundi umeme wa magari, wanafunzi wa ufundi na wenye magari ya zamani

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, mafundi wenzangu mliotoka Mwanjelwa, Uyole, Tukuyu na Makambako, vijana mnaosoma ufundi, mabibi na mabwana:

Wazee, shikamooni. Nanyi wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kufunga nyaya za stata, yaani mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, katika gari lililotengenezwa miaka 50 au 60 iliyopita. Nimelipokea ombi hilo kwa furaha, kwa kuwa nyanda zetu hizi bado zinayo magari ya umri huo: Land Rover zilizozeekea mashambani, Peugeot 404 na 504, Volkswagen Beetle, na Datsun ambazo wenyewe hawataki kuziuza kwa bei yoyote. Magari haya yanaharibiwa zaidi na matengenezo mabaya kuliko na umri wake, na sehemu inayoonewa kuliko zote ni stata. Gari likikataa kuzunguka asubuhi, stata hufunguliwa, hutangazwa kuwa imekufa, hununuliwa nyingine, na baada ya wiki chache ugonjwa ni ule ule. Mimi nasimama hapa kusema kwamba stata nyingi zinazohukumiwa hivyo ni nzima, na kwamba kilicho kibovu ni njia ya umeme ya kuifikia au ya kurudi kutoka kwake.

Stata ya umeme iliingia katika magari ya kuuzwa kwa modeli ya mwaka 1912, pale Cadillac ya Marekani ilipofunga mfumo uliobuniwa na Charles Kettering. Kabla ya hapo dereva alizungusha injini kwa hendeli, na injini iliporudi nyuma ghafla iliweza kumvunja mkono. Kettering alikuwa amewahi kutengeneza mashine ya fedha ya dukani iliyoendeshwa kwa mota ya umeme, na katika kazi hiyo alitambua kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko umbo lake, mradi mzigo huo udumu kwa sekunde chache tu. Kanuni hiyo haijabadilika. Ndiyo maana tunamwambia mwenye gari asizungushe kwa zaidi ya sekunde 10 mfululizo, na akishindwa aiache stata ipoe kwa nusu dakika au zaidi, kwa sababu kifaa hiki hakikuundwa kufanya kazi ya kudumu.

Sasa tutazame ukubwa wa mkondo wenyewe, kwa maana humo ndimo makosa mengi yanamoanzia. Taa mbili kubwa za mbele katika gari la volti 12 hutumia ampea 10 hivi. Stata ya injini ya petroli yenye silinda nne hutumia ampea 100 hadi 200 inapozungusha, na katika ule mpigo wa kwanza kabla injini haijaanza kusogea huvuta zaidi ya hapo. Injini ya dizeli hutaka zaidi tena. Chukueni kiungo kimoja kilichoshika kutu, chenye ukinzani, yaani kiasi cha kuzuia mkondo, wa omu 0.01 tu, kiasi ambacho mita zetu za kawaida haziwezi kukisoma kwa uhakika. Ukikipima kiungo hicho kwa taa ya testa inayotumia nusu ampea, kitapoteza volti 0.005, na taa itawaka vizuri kabisa. Pitisha ampea 150 katika kiungo hicho hicho, na utapoteza volti 1.5, huku wati 225 zikigeuka kuwa joto papo hapo kwenye lagi, kile kipande cha ncha ya waya kinachofungwa kwa nati. Kwa hiyo fundi anayesema, "Nimepima kwa testa, moto unafika," amethibitisha tu kwamba waya haujakatika. Kama unabeba mzigo wa stata au haubebi, hilo bado hajalijua, na testa yake haiwezi kumjulisha.

Stata ina sakiti mbili, na ni lazima zitenganishwe katika akili kabla ya kushika spana. Ya kwanza ni ya mkondo mkubwa: unatoka betri, unaingia solenoidi, ile swichi ya sumaku-umeme, unavuka vipande viwili vya shaba vinavyogusana ndani yake, unaingia kwenye mota, halafu unarudi betri kupitia mwili wa stata, injini, waya wa ethi, yaani wa kurudishia mkondo, na chasisi. Ya pili ni ya amri: mkondo mdogo unaotoka swichi ya ufunguo kwenda kuiamsha solenoidi. Katika magari ya Kijerumani na mengi yaliyofuata utaratibu wao, terminali (mahali pa kufungia waya) inayopokea waya wa betri imeandikwa 30 na ile ya amri imeandikwa 50. Katika magari ya Uingereza namba hizo hazipo, lakini rangi zinasema: waya wa kahawia ni moto, yaani umeme, wa moja kwa moja kutoka betri, mweusi ni ethi, na mweupe wenye mstari mwekundu ndio unaokwenda kuamsha solenoidi. Nawasihi vijana, msizibadilishe rangi hizo ovyo. Anayeunga waya wa kijani mahali pa mweupe-mwekundu kwa sababu ndio uliokuwepo dukani siku hiyo, anamwachia fundi atakayekuja baada yake kazi ya kubahatisha.

Magari mengi ya petroli ya Uingereza ya miaka ile yalifungwa stata ya Lucas yenye bendeksi, ambapo gia ndogo hurushwa mbele kwa nguvu ya mzunguko wenyewe hadi iume meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Humo solenoidi imefungwa kando, mbali na stata, na stata ina terminali moja tu kubwa. Bendeksi haitaki grisi. Vumbi letu la kiangazi, hasa kwa magari yanayopita njia za Usangu na Chunya, hunasa kwenye grisi na kuifanya gia ishindwe kuteleza, ndipo unaposikia mota inavuma peke yake bila injini kuzunguka. Ioshe kwa petroli, iache ikauke, uirudishe.

Aina ya pili ina solenoidi iliyokaa juu ya stata yenyewe, nayo hufanya kazi mbili: kuisukuma gia ikaume flaiwili kwanza, kisha kuunganisha mkondo mkubwa. Ndani yake kuna koili mbili. Moja ni ya kuvuta, nayo hupata ethi yake kupitia mota, na nyingine ni ya kushikilia, ambayo ethi yake ni bodi. Vipande vya shaba vikishagusana, koili ya kuvuta inakuwa na moto pande zote mbili, kwa hiyo inanyamaza, na ile ya kushikilia inabaki peke yake. Ukilielewa hilo, utaielewa pia ile sauti ya "ta-ta-ta-ta" ambayo wengi huichukulia kuwa ni kifo cha solenoidi. Solenoidi imevuta vizuri, mkondo mkubwa umeanza, volti zimeporomoka kwa sababu betri ni dhaifu au kiungo ni kibovu, koili ya kushikilia imekosa nguvu, imeachia. Volti zimepanda tena, imevuta tena. Solenoidi inayopiga kelele hivyo mara nyingi ni nzima kuliko kitu kingine chochote katika sakiti hiyo.

Nataka nikae kwa muda kwenye njia ya kurudi, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika. Injini ya gari imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Kinachounganisha injini na chasisi ni waya mmoja wa ethi, mara nyingi ule mpana uliosukwa kwa nyuzi za shaba, uliofungwa kwenye injini au kwenye giaboksi. Kila ampea iliyoingia kwenye stata lazima irudi kupitia hapo. Mnajua kwamba lori moja likikwama katikati ya Mlima Kitonga, magari yanayokwenda Dar es Salaam na yanayokuja Tunduma yote husimama, hata kama barabara iliyobaki ni safi; nati moja yenye kutu chini ya waya wa ethi huifanyia stata jambo hilo hilo. Na waya huo ukikosekana kabisa, umeme hautulii, bali hutafuta njia nyingine: kebo ya choki, kebo ya eksileta, kebo ya spidomita. Kebo hizo hazikutengenezwa kubeba mkondo wa stata, hivyo hupata moto, hutoa moshi, na mara nyingine hujishikiza ndani ya ganda lake. Mkiona kebo ya choki imeungua katika gari la zamani, msinunue nyingine kabla ya kuangalia ethi ya injini.

Jambo hili huwapata hasa watu wanaolipenda gari lao. Gari limevuliwa lote, limepigwa rangi safi ndani na nje, chasisi inang'aa, kisha likirudishiwa injini halizunguki. Rangi ni kizuizi cha umeme. Mahali pa waya wa ethi, rangi iondolewe kwa msasa hadi chuma cheupe kionekane, lagi ikazwe juu ya chuma hicho pamoja na washa ya meno, na baada ya kukaza, siyo kabla, sehemu yote ipakwe mafuta ya mgando ili unyevu usiingie. Kwa mvua za Rungwe sharti hilo la mwisho halina mjadala.

Kuhusu waya wenyewe, kwa injini ya petroli yenye silinda nne, iwapo betri iko karibu, natumia shaba ya milimita za mraba 25 hadi 35, na kwa dizeli naongeza hadi 50 au 70. Hesabu inaonyesha kwa nini. Mita mbili za waya wa milimita 25 zikibeba ampea 150 hupoteza volti 0.2 hivi; mita mbili za waya wa milimita 10 hupoteza zaidi ya nusu volti, kabla hujahesabu viungo. Siku hizi kuna tatizo jingine ambalo wazee wetu hawakulijua: nyaya nene, laini, za bei rahisi, zinazouzwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, rudisha. Waya wa namna hiyo una ukinzani mkubwa kuliko shaba ya unene ule ule, na ncha zake huoza haraka. Lagi ibanwe kwa mashine ya kubania. Kulehemu kwa risasi pekee hakutoshi mahali hapa, kwa sababu kiungo kikipata joto kali risasi hulainika. Na msumari unaopigiliwa kati ya kibano na kichwa cha betri ili kibano kikaze, mafundi wenzangu, tuuache kabisa. Unapasua kichwa cha betri na kubakiza mguso wa sehemu mbili ndogo tu.

Sasa sakiti ya amri, ambayo nayo ina ugonjwa wake, na Beetle ndiyo mfano mzuri kuliko wote. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma na stata iko nyuma, lakini swichi ya ufunguo iko mbele kwa dereva, kwa hiyo mkondo wa amri hulazimika kusafiri hadi mbele kisha kurudi nyuma. Tuseme safari yote ni mita 6 kwa waya wa milimita 2.5. Koili ya kuvuta ya solenoidi inaweza kutaka ampea 30 kwa ule muda mfupi, na katika waya huo peke yake volti 1.2 na zaidi zinapotea, bado hatujagusa swichi yenye umri wa miaka 55. Gari likiwa baridi, solenoidi hujikongoja ikavuta. Gari likitoka safari ndefu, koili imepata joto, ukinzani wake umepanda, na dereva akizima kununua ndizi Kiwira haliwaki tena mpaka lipoe. Wengi wamebadilishiwa stata kwa ugonjwa huo.

Dawa yake ni relei, swichi inayowashwa na mkondo mdogo ili ipitishe mkubwa. Chukua relei ya ampea 40 au zaidi, uifunge karibu na stata mahali pasipofikiwa na joto la ekzosi wala maji. Waya wa amri uliokuwa unakwenda solenoidi upeleke kwenye terminali 86 ya relei, na 85 iende kwenye ethi nzuri. Kutoka terminali 30 ya stata vuta waya mfupi wa milimita 4 wenye fyuzi hadi 30 ya relei, kisha kutoka 87 uende terminali 50 ya solenoidi. Swichi ya ufunguo sasa itabeba chini ya ampea moja, na itadumu. Nawaomba wale wanaopenda gari libaki kama lilivyotoka kiwandani wasichukie relei hiyo. Inafungwa bila kukata waya hata mmoja wa asili, na siku ukitaka kuiondoa unaiondoa.

Beetle nyingi za kabla ya mwaka 1967 zilikuwa za volti 6. Kwa nguvu ile ile, volti 6 hudai mkondo maradufu, kwa hiyo nyaya zake zinatakiwa ziwe nene zaidi, na anayezibadilisha kwa nyaya nyembamba za gari la kisasa anaiua stata bila kuigusa. Anayetaka kuhamia volti 12 ajue pia kwamba flaiwili ya volti 6 ina meno 109 na ya volti 12 ina meno 130. Stata ya moja haiumi meno ya nyingine.

Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960, zikiwemo Land Rover za kwanza za Series IIA, yaliunganishwa chanya kwenye bodi. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kama stata itazunguka kinyume iwapo betri itageuzwa. Stata ya zamani yenye koili za sumaku haitazunguka kinyume, kwa sababu sumaku ya nje na ya ndani zote hugeuka pamoja, na mwelekeo hubaki ule ule. Stata mpya ndogo zenye sumaku za kudumu ndizo zitakazozunguka kinyume. Hatari ya kugeuza betri bila kujua iko kwingine, kwenye redio na vifaa vya elektroniki vinavyokufa papo hapo, na kwenye dainamo, ile mashine ya kuchaji betri, ambayo lazima ielekezwe upya. Ukishageuza, andika kwa herufi kubwa ndani ya boneti.

Niguse kwa ufupi terminali ndogo ya ziada iliyoko kwenye baadhi ya solenoidi. Katika magari ambayo koili ya plagi, ile inayozipa plagi umeme wa cheche, hulishwa kupitia kizuizi cha kupunguza mkondo, terminali hiyo huipa koili volti kamili za betri wakati wa kuzungusha. Ukifunga solenoidi isiyo nayo, utapata gari linalozunguka vizuri lakini linashika pale tu unapoachia ufunguo. Sasa mnajua pa kutazama.

Tunaishi mahali pa baridi. Mwezi wa Juni na Julai, Makete na Njombe hupata umande unaoganda, na Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Baridi hiyo huipunguzia betri uwezo wa kutoa mkondo, wakati huo huo ikifanya oili iwe nzito na injini idai mkondo mkubwa zaidi. Njia ya umeme iliyokuwa ikipoteza volti moja na nusu bila mtu kujua wakati wa joto, hujitokeza katika miezi hiyo. Kwa hiyo kazi hii ya nyaya ifanyike mwezi wa Aprili au Mei.

Kuhusu usalama nitasema machache, na ninayasema kwa uzito wote. Waya mkubwa wa stata kwa kawaida hauna fyuzi. Ukisuguana na bodi hadi ganda litoboke, betri yote itajimwaga hapo na gari litaungua, kwa hiyo kila panapopita kwenye tundu la bati pawe na mpira wa kinga, na ukae mbali na ekzosi. Kabla ya kazi, fungua kwanza waya wa betri unaokwenda kwenye bodi, uwe hasi au chanya, na uufunge wa mwisho. Wale wanaounganisha terminali za solenoidi kwa bisibisi wakiwa wamesimama mbele ya gari lililo kwenye gia, wajue kwamba gari linaweza kuwaka na kuwapitia.

Kupima kunafanywa hivi. Toa waya unaolisha koili ya plagi ili injini isiwake. Betri iliyotulia isome volti 12.6 ikiwa imejaa, ikisoma 12.0, ichaji kwanza. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha betri, siyo kwenye kibano, na nyingine kwenye terminali kubwa ya stata, kisha mwenzako azungushe. Mita itasoma kile kinachopotea njiani, na upande huo usizidi nusu volti. Halafu pima kutoka kichwa cha betri cha upande wa bodi hadi kwenye mwili wa stata, na hapo usikubali zaidi ya volti 0.2 au 0.3. Mwisho pima terminali 50 wakati wa kuzungusha, ulinganishe na volti za betri katika wakati huo huo. Kama betri inasoma 10.5 na terminali 50 inasoma 8, umeukuta ugonjwa na hujafungua nati hata moja. Ni pale tu njia zote zinapokuwa safi, betri haishuki chini ya volti 9.6, na stata bado inazunguka kwa uvivu, ndipo unapoishusha kutazama brashi za kaboni na bushi zake.

Ndugu Mwenyekiti, uwanjani kuna Land Rover na Beetle ambazo wenyewe wamekubali zipimwe mbele yenu. Kwa idhini yako tutoke sasa. Wanafunzi washike mita, wazee wasimamie usomaji, na atakayekaa kwenye ufunguo ahakikishe gia iko nyutro na breki ya mkono imevutwa. Tutaanza na waya wa ethi.